Mchezo wa wahusika kwa meseji: namna ya kuuendesha usife njiani

Huu ni mchezo wa kusimuliana unaochezwa kwa maandishi, zamu kwa zamu. Kila mchezaji anashika mhusika mmoja: mvuvi, mama muuza dagaa, fundi wa injini, askari wa doria. Kila zamu anamwandikia msimamizi kile mhusika wake anachofanya. Msimamizi anakusanya maagizo ya wote, anatumia dadu palipo na mashaka, kisha anaandika yaliyotokea, na zamu inayofuata inaanzia hapo. Mchezaji mmoja anaweza kuwa Nyegezi, mwingine Nansio, wa tatu yuko safarini Bukoba, na mambo yakaenda vizuri tu, kwa sababu hakuna anayelazimika kuwa hewani saa ileile na mwenzake.

Kinachoua michezo hii ni kusubiri. Hadithi nzuri watu wanayo, ila mmoja akichelewa siku mbili, mwingine anapoa, wa tatu anasahau alikuwa wapi, na wiki ya tatu kundi limegeuka la kutumiana salamu za asubuhi. Karibu kila kanuni iliyo hapa chini imewekwa ili kupunguza kusubiri, na mfano tunaoutumia ni mchezo unaotokea kwenye mialo, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapofikia, ya Ziwa Victoria.

Mchezo wenyewe ulianzia posta. Sataranji ya barua ni ya zamani sana. Mwaka 1963 John Boardman wa Marekani alianza kuendesha kwa barua Diplomacy, mchezo wa ubaoni wa mataifa yanayopigana, na 1970 Mmarekani mwenzake, Rick Loomis, akaanza kuendesha kwa posta michezo ya vita ya kulipia. Barua ilichukua siku kadhaa kufika, kwa hiyo watu wale walilazimika kujipanga mapema: siku ya kufunga maagizo isiyosogezwa, agizo linalojitosheleza, na kanuni ya nini kifanyike barua isipofika. Katika Diplomacy, jeshi lisilopewa amri linabaki lilipo. Meseji inafika kwa sekunde moja, lakini mtu wa kuijibu bado yuko kazini au simu imezima chaji, hivyo kanuni zile zinatufaa vilevile.

Watu

Wachezaji wanne hadi sita, msimamizi mmoja, na naibu mmoja. Wakiwa watatu, mmoja akikaa kimya theluthi ya hadithi imelala. Wakifika wanane, msimamizi anaandika hadi usiku wa manane, maana agizo moja lililoandikwa vizuri linataka kama dakika 20 kulisoma, kulipima na kulijibu. Sita ni saa mbili. Mtu mwenye kazi na familia anaweza kuzipata saa mbili mara mbili kwa wiki. Zaidi ya hapo ataanza kuchelewa, na msimamizi akichelewa kila mtu anachelewa.

Naibu anaweza kuwa mmoja wa wachezaji. Kazi yake ni kutunza namba za siri za dadu (tutazifikia), kukumbusha watu, na kushika mhusika wa mtu aliyepotea.

Mahali na muda wa hadithi

Chora ramani ya vituo vinane kwenye karatasi, ipige picha, ibandike kwenye kundi. Usianze na ziwa zima. Kwa mchezo wetu: Mwaloni Kirumba, Kamanga, Sengerema mjini, kisiwa cha Kome, Nansio, Bugolora, Bwisya kule Ukara, na Bukoba. Unganisha vituo kwa mistari, na juu ya kila mstari andika safari inakula nini. Mwaloni hadi Nansio ni zamu moja. Bugolora na Nansio ziko kisiwa kimoja cha Ukerewe, kwa hiyo mtu anafika na bado ana tendo lake la siku. Meli ya Bukoba inasafiri usiku: anayepanda jioni hana tendo lingine la usiku huo, na asubuhi yuko ng'ambo.

Amua mwaka wa hadithi kabla hamjaanza. Kama ni kabla ya Juni 2025, kutoka Kigongo kwenda Busisi, njia ya Mwanza kwenda Sengerema, ni kivuko, kuna foleni, na mwenye mzigo wa magendo ana muda wa kuogopa. Kama ni baadaye, kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3, na gari linapita moja kwa moja. Jambo dogo, lakini wachezaji wawili wasipokubaliana hapo watapoteza zamu nzima wakibishana.

Zamu moja iwe siku moja ya hadithi, alfajiri hadi alfajiri. Halafu tumia mwezi kama saa ya mchezo. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta samaki vizuri kukiwa na giza. Zamu ya 1 iwe siku ya mwezi mwandamo na zamu ya 14 iwe karibu na mwezi mpevu. Zamu 1 hadi 5, mtumbwi unarudi na ndoo 10. Zamu 6 hadi 10, ndoo 6, kwa sababu wavuvi wanasubiri mwezi uzame ndipo wawashe taa, na nusu mwezi unazama karibu saa 6 usiku. Zamu 11 hadi 14, ndoo 2, na mitumbwi mingi haitoki kabisa. Kila mchezaji anaona mapema kwamba hela zinaisha kadiri mwezi unavyokua, na wewe hutahitaji kumsukuma mtu.

Hali ya hewa ni dadu moja kila zamu: 1 ni mvua, 2 hadi 4 shwari, 5 na 6 upepo mkali. Mvua ikiwakuta dagaa mchangani bila turubai, wanaangukia bei ya chakula cha kuku, ambayo kwenye mchezo ni nusu.

Kuna kitu kimoja cha kuacha. Ajali za MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018 hazichezewi. Kwa watu wa kanda hii ni vigumu kupata kundi la watu sita lisilo na mtu aliyeguswa. Ukitaka chombo kizame, tunga chombo chako chenye jina lako, na waulize wachezaji kabla ya zamu ya kwanza kama wanaridhia.

Karatasi ya mhusika

Iingie kwenye meseji moja. Jina, kazi, anachokitaka hadi kufikia mwezi mpevu, mtu anayemdai au anayedaiwa naye, na sifa nne: Nguvu, Akili, Maneno, Maji. Mchezaji anagawa +2, +1, 0 na −1 anavyotaka. Fundi mwenye Maji −1 anaogopa ziwa. Hiyo peke yake ni hadithi.

Mstari wa mwisho wa karatasi ndio watu huuruka: agizo la akiba. Ni kile mhusika anachofanya mwenyewe asipoandikiwa agizo. "Kulwa asipoandika, yuko karakana anafungua injini ya mtu na anapata shilingi 3." Hakuna karatasi inayopokelewa bila mstari huo.

Ratiba

Zamu mbili kwa wiki zinatosha. Maagizo yanafungwa Jumanne na Ijumaa, saa 3 usiku. Majibu yanatoka Jumatano jioni na Jumapili jioni. Zamu 14 zinakwisha wiki saba, muda ambao watu bado wanakumbuka walianzaje.

Kuhusu saa, andika kwa namna mbili: "Jumanne saa 3 usiku, 21:00". Simu za wengi zinaonyesha 21:00, na mchezaji aliye nje ya nchi atajichanganya. Usifunge zamu saa 6 usiku hata siku moja. "Jumanne saa 6 usiku" mmoja ataisoma kuwa usiku wa kuamkia Jumanne, mwingine usiku wa kuamkia Jumatano, na wote wawili watakuwa na hoja.

Saa ikifika, imefika. Agizo la saa 3 na dakika 10 linaingia zamu ijayo. Ukimsogezea mmoja kwa huruma, zamu ya tatu wote watakuwa wanaandika saa 5.

Agizo: hapa ndipo mchezo ulipo

Agizo baya linafanana hivi:

"Naenda kwenye mitumbwi nauliza bei ya dagaa."

Halina kosa la lugha, ila haliwezi kumalizwa. Msimamizi atajibu "wanasema 7", mchezaji ataandika zamu ijayo "naomba wapunguze", msimamizi atajibu "wamekataa". Wiki na nusu imekwisha na hajanunua hata kisado. Ana kwa ana mazungumzo hayo ni nusu dakika. Kwa meseji ni zamu tatu.

Agizo zuri linabeba maamuzi yake ya mbele:

"NYANJIGE, zamu 4. Nipo Kome, mwaloni.
Tendo: alfajiri nasubiri mitumbwi mchangani, nanunua ndoo 10 za dagaa wabichi.
Lengo: nipate mzigo wa kuuza, niwaanike leo leo.
Kikomo: shilingi 5 kwa ndoo.
Kama bei imezidi 5, nachukua ndoo 4 tu, mwisho 7.
Kama mvua imetanda, nakodi turubai kabla ya kununua.
Siri: nimemwambia Kulwa sina hela. Ninazo 60.
Namba: 2, 5."

Tazama linavyofanya kazi. Tendo ni moja. Lengo linamsaidia msimamizi kuchagua pale agizo linapokuwa na utata: akikuta dagaa waliokwisha kukauka kwa bei poa, anajua Nyanjige hawezi kuwakataa, maana alichotaka ni mzigo wa kuuza. Kikomo kinazuia ugomvi wa "mimi nisingelipa hivyo". Vile viwili vya "kama" ndivyo vinavyookoa siku tatu tatu. Ruhusu viwili, visizidi; vikifika vitano, mchezaji anajaribu kufunika kila shimo na msimamizi anageuka karani. Siri inawekwa mstari wake ili isichanganywe kwa bahati mbaya na yale yanayotangazwa kwa wote. Namba za mwisho ni za dadu, tutazifikia.

Ugumu ni kuwafundisha watu kuandika hivi. Usiwahutubie. Bandika mfano huo kwenye kundi, na zamu ya kwanza na ya pili mrudishie mtu agizo lake pungufu mara moja tu, kwa swali moja: "Bei ikizidi unafanyaje?" Kuanzia zamu ya tatu usirudishe. Lichukulie lilivyo, ukichagua tafsiri ambayo mtu mwenye akili timamu angeikusudia. Kumwadhibu mchezaji kwa neno aliloandika vibaya ni uonevu, na anaweza kuondoka.

Dadu bila kuonana

Dadu mbili, jumlisha, ongeza sifa inayohusika. Jumla 10 na kuendelea, amefanikiwa safi. Kuanzia 7 hadi 9, amefanikiwa lakini kuna gharama. 6 au chini, imekwama na kuna kitu kibaya kinafuata. Kwa sifa 0, nafasi ya kukwama ni 15 kati ya 36, ya kufanikiwa kwa gharama ni 15, na ya kufanikiwa safi ni 6. Kwa sifa +1 ni 10, 16 na 10. Ndiyo maana +1 inaonekana ndogo lakini inabadilisha mhusika kabisa.

Shida ni kuaminiana. Msimamizi akisema "nimerusha nimepata 3", nani alimwona? Kwenye Telegram ni rahisi: ukituma alama ya dadu peke yake, programu yenyewe inatoa namba 1 hadi 6 mbele ya wote. Kwenye WhatsApp tumia njia ya namba mbili. Mchezaji anaweka namba mbili za 1 hadi 6 mwishoni mwa agizo. Msimamizi, kabla ya saa ya kufunga na kabla ya kufungua agizo lolote, anamtumia naibu orodha ya namba zake, mbili mbili kwa kila mchezaji. Saa ikifika zinajumlishwa. Ikizidi 6, toa 6. Kwa kuwa naibu anaziona namba hizo, yeye kama ni mchezaji anatuma agizo lake kabla ya kutumiwa orodha.

Nyanjige ameandika 2 na 5. Namba za msimamizi zilikuwa 6 na 4. 2 na 6 ni 8, toa 6, inabaki 2. 5 na 4 ni 9, inabaki 3. Jumla 5, Maneno yake ni +1, inakuwa 6: imekwama. Naibu anabandika orodha kwenye kundi baada ya majibu, kila mtu anahakiki. Hakuna aliyejua namba ya mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kupanga matokeo.

Usirushe dadu kwa kila kitu. Kuvuka barabara, kununua chumvi, kumsalimia shangazi, hayo yanatokea tu. Dadu ni pale ambapo kufaulu na kushindwa vyote viwili vinaleta hadithi.

Kuandika majibu

Soma maagizo yote kwanza, halafu yapange: safari, kisha mambo ya siri, kisha biashara, kisha ugomvi, mwisho ziwa na hali ya hewa. Ufuate mpangilio huo kila zamu, hata pale unapokuudhi, la sivyo utaambiwa unapendelea. Wawili wakigombea kitu kimoja, mwenye jumla kubwa ya dadu anakipata, wakilingana wanagawana.

Majibu yawe sehemu mbili. Ya wote, maneno yasiyozidi 150, yanaenda kwenye kundi la hadithi. Ya mtu binafsi, maneno 50 hivi, yanaenda inboksi. Ya Nyanjige yangekuwa hivi:

"Dalali wa Sengerema amelala hapahapa mwaloni. Mtumbwi wa kwanza unagusa mchanga, yeye ameshika kamba. Bei imeruka hadi 7. Umepata ndoo 4, umebaki na 32. Wakati unahesabu noti, kijana wa karakana ya Kulwa alikuwa amesimama nyuma yako na dumu la petroli. Boti ya Mwaloni Kirumba inaondoka saa 10 jioni, ina nafasi ya mtu mmoja na magunia mawili."

Dadu lilikwama, "kama" yake ikamwokoa na mkono mtupu, na gharama ikawa kwamba siri ya hela imevuja. Mwisho una jambo la kuamuliwa lenye saa yake. Majibu yanayoishia na "je, unafanya nini?" huleta maagizo mepesi, kwa sababu mchezaji hana cha kushika.

Usimwandikie mchezaji moyo wa mhusika wake. "Unaogopa, unaamua kukimbia" ni kumnyang'anya kazi yake. Andika kinachotisha, yeye ataamua kama anaogopa.

Wahusika wawili wakitaka kuongea, waongee wenyewe kati ya zamu, meseji sita kila upande, kisha mmoja amtumie msimamizi muhtasari wa mistari miwili. Bila kikomo hicho wawili wenye maneno watajaza kundi na wengine wanne watabaki watazamaji.

Kila zamu jaza kaunta buku: nani yuko wapi, ana kiasi gani, ameumia wapi, na safu ya mwisho, nani anajua nini. Hela ukikosea zinasahihishika. Ukimtajia Kulwa siri ambayo mhusika wake hajaisikia, haifutiki.

Makundi na simu

Fungua makundi mawili. La hadithi, ambamo ni msimamizi na naibu tu wanaoweza kutuma. La gumzo, kwa utani, maswali na kulalamika. Mtu anayerudi kutoka safarini asome majibu sita mfululizo bila kupekua meseji mia nne za mpira. Maagizo yote yaende inboksi kwa msimamizi, hata yasiyo na siri. Ukizoea kutuma hadharani, siku ya siri utakosea kundi. Ikitokea, futa mara moja, na msimamizi atangaze kwamba jambo hilo sasa ni uvumi mwaloni na kila mhusika anaweza kuwa amelisikia. Ni bora kuliko kuwataka watu wajifanye hawakuona.

WhatsApp inaruhusu kuhariri meseji ndani ya dakika 15, kwa hiyo agizo lililotumwa saa 2 na dakika 55 linaweza kubadilishwa baada ya kufunga. Weka kanuni kwamba linalohesabika ni lililosomeka saa 3 kamili, na msimamizi apige skrinishoti. Maandishi hayali bando kama picha na sauti. Kataa maagizo ya sauti, kwa sababu huwezi kuyapekua ukitafuta Nyanjige alisema bei gani.

Mtu akikaa kimya

Saa sita kabla ya kufunga, naibu anakumbusha inboksi, kila mtu kwa heshima yake. "Kaka, zamu 5 inafungwa leo saa 3 usiku. Ukibanwa andika 'akiba' tu." Kwa aliyemzidi umri: "Shikamoo mama. Zamu inafungwa saa 3 usiku, ukiwa na nafasi." Neno "akiba" ni agizo halali. Anayeliandika hajakosa zamu, na haoni aibu kurudi. Aibu ya kuchelewa huwapoteza wachezaji wengi kuliko kuchoka.

Akikosa mara moja, agizo la akiba linafanya kazi. Mara mbili mfululizo, naibu anamshika mhusika kwa tahadhari: hauzi mali yake, haingii ugomvi, hatoi siri. Mara tatu, mhusika anapanda meli ya Bukoba kwa msiba wa ndugu wa mbali, na mlango wa kurudi uko wazi. Usimuue mhusika wa mtu asiyekuwepo.

Msimamizi mwenyewe akishikwa na shughuli, atangaze kabla: "Zamu ya Ijumaa haipo, tunafunga Jumanne." Kunyamaza kwa msimamizi kunaua mchezo haraka kuliko kunyamaza kwa mchezaji yeyote.

Kufunga

Zamu ya 13 tangaza kwamba iliyobaki ni moja. Agizo la zamu ya 14 ni tofauti: halina "kama", na linaruhusiwa mistari miwili juu ya mhusika anakuwa wapi masika ijayo. Ukishatoa majibu ya mwisho, bandika orodha zote za namba na safu nzima ya siri kutoka kwenye kaunta buku, zamu kwa zamu. Gumzo la siku hiyo litakuwa refu kuliko mchezo wenyewe, na humo humo muulize nani yuko tayari kusimamia wa pili.